Betri ya pikipiki inayogoma siku moja na kuwaka siku nyingine: mwongozo kwa waendeshaji wa Itaba, Gitega na Muyinga

Pikipiki ndiyo punda wa biashara ndogo katika mikoa ya kati na kaskazini mashariki ya Burundi. Kutoka vilima vya Itaba, kusini mashariki ya mji wa Gitega, maharage, ndizi na mahindi hushuka barabarani juu ya pikipiki. Kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, na kutoka Muyinga hadi mpaka wa Kobero, abiria na mizigo midogo hutegemea chombo hichohicho. Ng'ambo ya pili, Kabanga wilayani Ngara, bodaboda wa Tanzania hupokea kazi na kuiendeleza.

Mwendeshaji akipoteza asubuhi moja kwa sababu pikipiki imegoma kuwaka, amepoteza siku ya soko. Hasara kubwa zaidi huja pale anapokimbilia dukani kununua betri mpya wakati ugonjwa haukuwa kwenye betri. Betri mpya huficha tatizo kwa majuma machache, kisha nayo hufa, na mwenye pikipiki hulaumu duka, au nchi ilikotengenezwa betri, au mpaka ilikopitia.

Makala hii inaeleza hatua kwa hatua namna ya kutafuta chanzo pale pikipiki inapowaka siku moja na kugoma siku nyingine. Imelengwa kwa pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150, kama zile za Bajaj Boxer na TVS, ambazo hutumia betri ya risasi ya volti 12. Mwishoni kuna mambo ya kuzingatia unaponunua betri na kuivusha mpakani.

KWA NINI TATIZO HILI LIMEKUWA KUBWA

Sababu ya kwanza ni pikipiki kulala bila kazi. Tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na pikipiki nyingi zimekaa siku kadhaa, hata majuma, zikisubiri petroli. Betri ya risasi haipendi kulala. Hata kama hakuna kinachoitumia, hujipunguza yenyewe taratibu. Ikikaa muda mrefu ikiwa na chaji ndogo, sahani zake za ndani hufunikwa na chumvi ngumu ya risasi, na uwezo uliopotea kwa njia hiyo mara nyingi haurudi wote hata ukiichaji.

Sababu ya pili ni baridi. Gitega iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Betri baridi hutoa umeme kidogo, na oili baridi huwa nzito, hivyo stata inahitaji nguvu zaidi wakati ambapo betri ina nguvu ndogo zaidi.

Sababu ya tatu ni mtikisiko. Barabara za vumbi na mawe hulegeza nati, hukata waya ndani ya ngozi yake, na hata kuvunja kiungo cha sahani ndani ya betri. Kiungo kilichovunjika nusu ndicho hasa huleta ugonjwa wa "leo inawaka, kesho haiwaki".

Sababu ya nne ni vifaa vya nyongeza: taa za ziada, redio, kengele ya kuzuia wizi na mahali pa kuchajia simu. Taa kubwa ya wati 35 hula karibu ampea 3. Ukiongeza taa mbili za wati 10 kila moja, umeongeza zaidi ya ampea moja na nusu. Pikipiki ndogo inayokwenda polepole na kusimama kila baada ya muda mfupi inaweza kushindwa kurudisha kile kinachotumika.

ANZA KWA KUULIZA: INAGOMA LINI?

Kabla ya kufungua hata nati moja, kumbuka vizuri pikipiki inagoma wakati gani. Jibu la swali hili hupunguza kazi kwa nusu.

1. Inagoma asubuhi, au baada ya siku mbili tatu za kulala, lakini ikishawaka mchana haisumbui. Shuku betri iliyochoka, au umeme unaovuja usiku.

2. Inagoma baada ya safari ndefu, injini ikiwa ya moto. Shuku brashi za stata, viungo vya waya vilivyolegea, au chaji iliyozidi na kukausha maji ya betri.

3. Inagoma baada ya kupita kwenye mashimo, kisha inawaka ukitikisa waya au ukigonga betri. Shuku vichwa vya betri, waya wa bodi, au kiungo kilichovunjika ndani ya betri.

4. Inagoma baada ya mvua au baada ya kuoshwa. Shuku swichi ya ufunguo, kitufe cha stata, swichi ya klachi na nyumba ya fyuzi.

5. Inagoma baada ya kuendesha usiku taa zikiwaka. Shuku mfumo wa kuchaji, au taa za ziada zinazokula kupita kiasi.

Swali la pili: ukibonyeza stata, unasikia nini na unaona nini?

- Kimya kabisa, na taa zote zimezima: umeme haufiki. Tazama fyuzi, vichwa vya betri na swichi ya ufunguo.

- Kimya, lakini taa zinawaka vizuri: betri huenda ni nzima. Tazama swichi ya kuzimia injini, gia kama iko huru, swichi ya klachi na kitufe chenyewe.

- "Tak" moja, na taa zinafifia sana: betri ni dhaifu, au kuna kiungo kibovu kwenye njia kuu ya umeme, au stata imekwama.

- "Tak" moja, taa hazififii hata kidogo: umeme haupiti kwenda stata. Shuku rilei ya stata au brashi.

- "Tak-tak-tak" ya haraka: mara nyingi betri imeishiwa chaji.

- Stata inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini injini haishiki: usinunue betri. Tazama petroli, plagi na choki. Kama stata inalia kwa kasi bila kuzungusha injini, klachi ya stata imekwisha.

Kuhusu kiki: baadhi ya pikipiki hupata umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye magneto, hivyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Nyingine hutegemea betri kwa ajili ya plagi pia, na hizo hazitawaka hata ukipiga kiki mpaka uchoke. Jua pikipiki yako ni ya aina gani kabla ya kufikwa na tatizo njiani.

HATUA YA 1: SAFISHA NA KAZA

Kazi hii haina gharama, na ndiyo huponya pikipiki nyingi. Zima ufunguo. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Mpangilio huu una sababu: spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya huku hasi ingali imefungwa, utapata cheche kubwa.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, osha kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi soda kidogo, ukihakikisha hayaingii ndani ya betri. Futa, kausha, kisha sugua vichwa na ncha za waya kwa msasa mpaka vionekane vyeupe. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza vizuri bila kupita kiasi, kwani risasi ni laini. Paka grisi kidogo kwa juu baada ya kukaza, si kabla.

Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye injini au fremu. Hapo ndipo mafundi wengi husahau. Rangi, kutu na tope kati ya waya na chuma huzuia umeme sawasawa na betri mbovu. Fungua, sugua, rudisha. Kisha chomoa fyuzi uitazame: fyuzi inaweza kuwa nzima lakini miguu yake imeota kutu na inashika pale inapotaka.

HATUA YA 2: TAZAMA MAJI

Kama betri ni ya kuongeza maji, tazama kila chumba. Maji yawe kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Yakipungua, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri peke yake. Maji ya mto, ya kisima au ya bomba yana madini yanayoharibu sahani. Usiongeze asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika: kinachopungua kwa kawaida ni maji, asidi hubaki ndani.

Vyumba vyote vikipungua kwa kasi, chaji imezidi. Chumba kimoja kikipungua peke yake, chumba hicho huenda kimekufa. Kama una kipimo cha uzito wa asidi, chumba chenye chaji kamili husoma karibu 1.265 hadi 1.280. Kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine hata baada ya kuchaji, betri hiyo imekwisha.

Betri iliyofungwa kabisa usiifungue. Hakuna cha kuongeza humo.

HATUA YA 3: PIMA IKIWA IMETULIA

Multimita ya bei nafuu inatosha, na kikundi cha waendeshaji wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangia moja. Weka kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja. Kama pikipiki imetoka kuendeshwa, iache saa mbili au zaidi kabla ya kupima, la sivyo utapata namba kubwa ya kudanganya.

- Volti 12.6 hadi 12.8, au karibu 13.0 kwa betri iliyofungwa: chaji imejaa.
- Karibu 12.4: robo tatu.
- Karibu 12.2: nusu.
- Karibu 12.0: robo.
- Chini ya 11.9: imeishiwa.
- Karibu 10.5, na haipandi hata ukichaji: chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa sababu kila chumba hutoa takriban volti 2.1.

Volti nzuri wakati wa kutulia haithibitishi kwamba betri ni nzima. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 na kuanguka papo hapo stata inapoguswa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ya lazima.

HATUA YA 4: PIMA WAKATI WA KUBONYEZA STATA

Weka nyaya za multimita juu ya vichwa vya risasi vyenyewe, si juu ya nati wala ncha za waya. Mtu mwingine abonyeze stata kwa sekunde chache.

a) Volti inashuka lakini inabaki juu ya 9.6 na injini inazunguka vizuri: betri inafanya kazi.

b) Volti inaanguka chini ya 9.6: ichaji betri kikamilifu kisha rudia. Ikianguka tena baada ya chaji kamili, betri imechoka, au stata imekwama na inavuta umeme mwingi mno. Kuthibitisha, jaribu betri nyingine nzima ya ukubwa uleule kwa dakika moja.

c) Volti haishuki, inabaki 12.5 au 12.6, na stata haizunguki: betri haina kosa. Umeme hautoki kwa sababu njia imekatika mahali fulani.

d) Volti inapotea ghafla mpaka karibu sifuri, kisha inarudi baada ya muda: kiungo ndani ya betri kimevunjika. Betri hii haitengenezeki. Ibadilishe kabla haijakuacha njiani usiku.

Katika hali ya (c), tafuta palipokatika. Weka waya mmoja wa multimita kwenye kichwa cha chanya cha betri na mwingine kwenye nati ya stata, kisha bonyeza stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna kizuizi upande wa chanya: waya, kiungo au rilei. Fanya hivyohivyo kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini. Hapo isizidi takriban volti 0.3. Kama pande zote mbili ziko sawa na stata haizunguki, fungua stata utazame brashi. Brashi zilizokwisha mara nyingi hushika ukigonga stata taratibu, kisha hugoma tena. Kugonga ni kipimo, si tiba.

HATUA YA 5: PIMA KAMA INACHAJI

Washa injini, kwa kiki ikibidi, na pima tena kwenye vichwa vya betri. Ongeza mafuta mpaka injini izunguke karibu mara 4,000 kwa dakika, yaani mwendo wa kati. Betri ikiwa na chaji ya kutosha, unategemea volti 13.8 hadi 14.5.

- Ikibaki chini ya 13: haichaji. Tazama plagi za waya kati ya magneto na regyuleta. Plagi iliyoungua na kubadilika rangi ni ushahidi. Kisha regyuleta, kisha koili za magneto.

- Ikipita 15: regyuleta imeharibika. Itachemsha maji ya betri na kuunguza balbu. Ukiweka betri mpya bila kubadilisha regyuleta, umetupa fedha.

- Ikiwa sawa bila taa lakini inashuka chini ya 13 ukiwasha taa zote: vifaa vya nyongeza vimezidi uwezo. Ondoa baadhi, au badilisha balbu ziwe za LED zenye wati ndogo.

Usichomoe betri wakati injini inazunguka ili "kujaribu kama inachaji". Mafundi wengi wa barabarani hufanya hivyo, na matokeo yake volti hupanda ghafla na kuua balbu, regyuleta au kifaa cha umeme wa plagi.

HATUA YA 6: TAFUTA UMEME UNAOVUJA USIKU

Zima ufunguo. Fungua waya wa hasi. Weka multimita kwenye upande wa ampea, kisha iunganishe kati ya kichwa cha hasi na waya uliofungua. Anza na kipimo kikubwa ndipo ushuke. Usibonyeze stata wakati huu, utaunguza fyuzi ya multimita.

Pikipiki ya kawaida isiyo na kengele ya wizi inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikisoma miliampea 50, fanya hesabu: betri ya 5Ah itaisha yote kwa saa 100, yaani siku nne na kidogo. Tena haihitaji kuisha yote ili stata igome.

Chomoa vifaa kimoja kimoja: kengele, redio, chaja ya simu, taa za ziada. Kile ambacho ukikichomoa namba inaanguka ndicho mwizi. Kama vyote vimechomolewa na namba haijashuka, chomoa plagi ya regyuleta. Regyuleta iliyoungua ndani inaweza kurudisha umeme kwenye magneto usiku kucha.

MIFANO MIWILI YA KUJIFUNZIA

Tuchukue pikipiki ya Itaba yenye betri ya 5Ah, iliyosubiri mafuta siku mbili. Kabla ya kulala ilisoma 12.7. Baada ya siku mbili inasoma 12.1 na stata inasema "tak-tak-tak". Ikiwashwa kwa kiki, inachaji 14.1. Mfumo wa kuchaji ni mzima. Umeme unaovuja unapimwa na kukutwa ni miliampea 60. Kwa saa 48 hiyo ni karibu 2.9Ah, zaidi ya nusu ya betri. Tiba ni kutengeneza au kuondoa kifaa kinachovuja. Betri mpya ingelala vilevile.

Pikipiki ya pili inafanya safari za Muyinga na Kobero. Inagoma mara moja au mbili kwa siku, hasa ikiwa ya moto. Mwenyewe amekwisha badilisha betri mara mbili. Betri inasoma 12.7. Ikigoma, taa hazififii, na volti kwenye vichwa inabaki 12.6 wakati kitufe kimebonyezwa. Hapa betri haiulizwi swali lolote, kwa sababu hakuna umeme unaotoka. Kinachotafutwa ni rilei au brashi, ambazo ni vitu vya bei ndogo kuliko betri mbili zilizonunuliwa bure.

KUCHAJI KWA USALAMA

Chaji betri ndogo kwa moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya 5Ah kwa ampea 0.5, kwa saa 10 hivi ikiwa imeishiwa. Chaja kubwa ya magari au ya betri za sola hupika betri ya pikipiki na kuivimbisha. Fungua vifuniko vya vyumba kama vipo, chaji mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Betri inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Bomba dogo la kupumulia lisibanwe wala kuzibwa.

Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, osha kwa dakika 15 au zaidi na uende kituo cha afya.

Ukiazima umeme kutoka kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa. Unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari kwenye chuma cha injini ya pikipiki.

Pikipiki ikilala zaidi ya juma moja kwa kukosa mafuta, fungua waya wa hasi, na ichaji betri angalau mara moja kwa mwezi. Kuiwasha dakika mbili tatu kila siku bila kuiendesha hakusaidii: stata inatumia umeme, na injini ikiwa katika mwendo wa taratibu hurudisha kidogo mno. Tena unapoteza petroli ambayo haipatikani.

UKILAZIMIKA KUNUNUA

Soma namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani. Kwa mfano, 12N5-3B ni betri ya volti 12 na 5Ah. Linganisha pia vipimo vya umbo, na upande ambao kichwa cha chanya kipo. Ukifunga kinyume, unaunguza fyuzi na pengine regyuleta.

Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokwisha jazwa asidi na kukaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa ni nzee ingawa haijatumika. Ni heri betri kavu yenye asidi yake pembeni, ijazwe mbele yako. Hata hiyo, ikishajazwa huwa na chaji ya takriban asilimia 80 tu. Iache itulie nusu saa au zaidi, kisha ichaji mpaka ijae kabla ya kuifunga. Betri nyingi mpya hufa mapema kwa sababu ya kurukwa kwa hatua hii moja.

Omba risiti yenye tarehe na namba ya betri, na uulize dhamana inaheshimiwa wapi. Dhamana ya duka la Ngara haina maana kwako Itaba kama huna safari ya kurudi huko.

KUVUSHA BETRI KOBERO NA KABANGA

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na wafanyabiashara wadogo wanafahamu utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Lakini ikumbukwe kwamba utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Betri iliyotoka India au China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Ngara. Italipiwa ushuru kama bidhaa ya nje, hata ikiwa ni moja. Betri za risasi hutengenezwa pia Kenya na Uganda. Kama ndizo unazonunua kwa ajili ya kuuza, uliza muuzaji kuhusu cheti cha uasilia kabla ya kulipa. Upande wa Burundi mambo ya ushuru yako chini ya OBR, na upande wa Tanzania chini ya TRA. Chukua stakabadhi ya kila unacholipa.

Betri yenye asidi huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari katika usafirishaji. Isafirishe ikiwa imesimama wima, vichwa vyake vimefunikwa kwa plastiki au mpira, na usiichanganye na unga, maharage au nguo. Asidi ikimwagika kwenye gunia la chakula, gunia hilo si la kuuza tena.

Betri chakavu ni habari nyingine. Burundi na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Basel unaosimamia uvushaji wa taka hatari, na betri chakavu za risasi zimo katika taka hizo. Kuzikusanya na kuzivusha kimyakimya kwa ajili ya kuuza risasi ni kosa. Usimwage asidi shambani wala usiyeyushe risasi nyumbani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwachie muuzaji betri ya zamani unaponunua mpya, ukiwa umehakikisha anaipeleka kwa mkusanyaji anayetambuliwa.

KWA UFUPI

Safisha na kaza. Tazama maji. Pima ikitulia, pima wakati wa stata, pima ikichaji, pima inapolala. Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu ugonjwa unaokuja na kuondoka hukamatwa kwa kumbukumbu. Fundi akikuambia "nunua betri", mwombe akuonyeshe ni namba ipi iliyomwambia hivyo. Akikuonyesha volti inayoanguka chini ya 9.6 baada ya chaji kamili, na ikarudi juu kwa betri ya kujaribia, nunua bila wasiwasi. Asipokuwa na namba, fedha yako ibaki mfukoni mpaka ipatikane.